UZI: Namba 2,147,483,647 iliyogeuza mauzo ya depo ya unga kuwa deni

Mwalimu wa Katuba (Lubumbashi), mwanzisha uzi

Jambo sana ndugu zangu wote. Uzi huu ni mrefu, mwenye haraka auweke kando ausome jioni.

Nafundisha hesabu hapa Lubumbashi. Wiki tatu zilizopita, Jumamosi usiku, mama mmoja alinipigia simu sauti ikimtetemeka. Binti yake, niliyemfundisha miaka minne, anakaa kwenye kasa (pale wateja wanapolipia) ya depo moja ya unga. Siku hiyo mwenye depo alifungua kompyuta afunge hesabu za mwezi, akakuta jumla ya mauzo imeandikwa hivi:

−21,444,672.96

Faranga zaidi ya milioni 21, na mbele yake alama ya kutoa. Papa yule akarudi mstari mmoja nyuma. Baada ya mfuko wa 505 jumla ilikuwa 21,462,500. Baada ya mfuko wa 506 ikawa ile hasi. Machoni pake, karibu faranga milioni 43 zilikuwa zimetoka kwa mkupuo mmoja, na aliyekuwa kwenye kasa ni yule binti. Akamwambia asirudi Jumatatu mpaka makuta (pesa) zionekane.

Nilikwenda Jumapili baada ya ibada. Simlaumu papa yule kwa kushtuka, mtu yeyote angeshtuka. Namlaumu kwa kutamka neno wizi kabla ya kuhesabu.

Kilichonishika jicho kwanza ni zile santimu 96. Mfuko mmoja wa bunga ulikuwa unauzwa 42,500. Uza mfuko mmoja, uza mifuko elfu kumi, jumla yako haitaisha kwa santimu 96 hata siku moja. Hapa mjini hakuna anayelipa kwa santimu. Basi hizo 96 hazikuletwa na mteja wala hazikuchukuliwa na binti. Zimetoka ndani ya mashine.

Nikaomba karatasi. Mifuko 506 mara 42,500 ni 21,505,000. Hiyo ndiyo jumla iliyotakiwa kuonekana. Nikatafuta tofauti kati yake na ile ya kwenye kioo:

21,505,000 + 21,444,672.96 = 42,949,672.96

Ondoa nukta, isome kama santimu: 4,294,967,296. Hapo niliweka kalamu chini, maana namba hiyo naijua kama ninavyojua njia ya nyumbani. Ni 2 kipeo cha 32. (Nitaandika 2^32 kuanzia sasa.)

Kijana aliyeitengeneza programu aliamua kutunza pesa kwa santimu ili aepuke nukta, na jumla akaiweka kwenye nafasi ya biti 32 (biti ni tarakimu moja ya kompyuta, 0 au 1). Ichukulie kama saa ya ukutani. Baada ya saa kumi na mbili hakuna saa kumi na tatu, mshale unarudi saa moja. Kompyuta nayo ina saa yake, ila ina vituo 4,294,967,296. Kwa kuwa watu wanahitaji hasi pia, vituo vimegawanywa nusu kwa nusu. Unaondoka sifuri, unapanda moja, mbili, tatu, mpaka 2,147,483,647. Ongeza moja tu, umevuka mpaka, na kituo kinachofuata kimeandikwa −2,147,483,648. Kuanzia hapo kila unachoongeza kinapunguza ile hasi, unarejea polepole kwenye sifuri.

Mfuko wa 505 uliwafikisha kwenye santimu 2,146,250,000. Zilibaki santimu 1,233,647 kufika kikomo. Mfuko wa 506 una santimu 4,250,000. Haukuenea.

Hilo ni tukio. Ninachotaka kuzungumza hasa ni namba yenyewe, 2,147,483,647, kwa sababu ina historia ya zaidi ya miaka 250 na watu wengi huku kwetu wanakutana nayo siku ya mabaya tu. Ngoja nile bukari nirudi.

Mama Soko la Kenya (Lubumbashi)

Mwalimu, kabla ya hayo mambo ya vipeo, tuambie binti amerudi kazini ao hapana? Mimi nina kijana kwenye kasa yangu na mwaka juzi nilimfokea kwa jambo ambalo sikulielewa.

Mwalimu wa Katuba

Mama, amerudi. Jumapili ileile tulimwaga risiti zote mezani, tukazihesabu moja moja, mimi, yeye, mama yake na mwenye depo. Zilikuwa 506. Tukajumlisha noti zilizokuwa kwenye sanduku na karatasi za benki: 21,505,000, hakuna faranga iliyopungua. Papa yule alisimama akamwomba msamaha mbele ya mama yake. Kijana wa programu naye alikuja Jumanne akapanua nafasi kuwa biti 64.

Nilimwuliza papa swali moja ambalo naona kila mwenye depo ajiulize: sanduku lako limewahi kuwa na milioni 43 mwezi huu? Akasema halijawahi. Basi zingeibwaje?

Fundi wa Birere (Goma)

Mwalimu amesema kweli, na kosa hili halichagui maskini. Mwaka 2014 video moja ya muziki kutoka Korea Kusini ilitazamwa kwenye YouTube mpaka ikapita 2,147,483,647, na wenye mtandao wakalazimika kuhama kwenye biti 64. Mwaka 1996, tarehe 4 Juni, roketi ya Ulaya, Ariane 5, ililipuka chini ya dakika moja baada ya kuruka kwa sababu namba kubwa ilisukumwa kwenye nafasi ya biti 16, ambayo kikomo chake ni 32,767 tu.

Na kuna tarehe inakuja. Kompyuta nyingi huhesabu wakati kwa sekunde kuanzia 1 Januari 1970. Zile za biti 32 zitafika kikomo Jumanne tarehe 19 Januari 2038. Kwa saa za Lubumbashi itakuwa saa kumi na moja na dakika 14 alfajiri, sekunde ya 7. Sisi wa Goma tuko saa hiyohiyo nanyi. Sekunde inayofuata, mashine ambayo haijarekebishwa itadhani ni tarehe 13 Desemba 1901.

Mwalimu wa Katuba

Aksanti fundi. Desemba 1901! Mji wetu huu haukuwa umeanzishwa bado, Élisabethville, kama Lubumbashi ilivyoitwa zamani, ilianza 1910. Mashine ya hapa itaandika risiti yenye tarehe ya kabla ya mji.

Mdau wa Mwanza

Heshima kwako mwalimu. Swali la haraka: kwa nini upande wa hasi unafika 2,147,483,648 na upande wa chanya unaishia 647? Nani amemdhulumu mwenzake?

Mwalimu wa Katuba

Hakuna dhuluma, kaka. Kila upande una vituo 2,147,483,648. Ila upande wa chanya umempa sifuri kiti kimoja. Ndiyo maana kikomo ni 2^31 − 1 wala si 2^31. Na hiyo "toa moja" ndiyo iliyoleta uzuri wote ninaotaka kuueleza.

Haya, namba yenyewe sasa.

2,147,483,647 ni namba tasa. Haigawanyiki kwa kitu chochote isipokuwa 1 na yenyewe. Darasani kwetu tunaisoma kwa Kifaransa, nombre premier, na wanafunzi wengi wanalikariri neno bila kuigusa namba. Mwezi huu niliwafundisha kwa Kiswahili kitupu, na nikaona mikono ikinyanyuliwa mpaka benchi la mwisho.

Tulianza na vigawo vidogo. Kwa 2 hapana, ni witiri. Kwa 3: jumlisha tarakimu zake, unapata 46, na 46 haigawanyiki kwa 3. Kwa 5 hapana, inaisha na 7. Kwa 7 kuna njia tamu. Zidisha 2 kwa 2 ukiendelea, kila mara gawa kwa 7 uchukue baki tu: 2, 4, 1, 2, 4, 1. Inajirudia kila hatua tatu. Hatua ya 30 imeishia kwenye 1, ya 31 iko kwenye 2. Toa 1, baki ni 1. Haigawanyiki kwa 7. Hujaiandika namba yenyewe hata mara moja, na jibu umelipata.

Lakini huwezi kujaribu zote hivyo. Kipeuo chake cha pili ni 46,340 na ushei, na chini ya hapo kuna namba tasa karibu 4,800. Kugawa mara 4,800 kwa mkono!

Mwaka 1772 Leonhard Euler, Mswisi aliyekuwa anaishi St. Petersburg, aliandika barua kwa mwanahisabati Bernoulli akasema namba hii ni tasa. Wakati huo macho yake yalikuwa karibu hayaoni kabisa. Hakugawa mara 4,800. Alitumia chekecheo mbili, na hizo nataka mzione, maana ndipo penye akili.

Chekecheo la kwanza. Tuseme kuna namba tasa p inayoigawa 2^31 − 1 bila baki. Maana yake 2^31 ukiigawa kwa p unabaki na 1. Sasa panga 2, 4, 8, 16 na kuendelea, ukichukua baki tu kila unapogawa kwa p. Safu hiyo itafika 1 kisha ianze upya, kama zamu za walinzi. Urefu wa zamu lazima uigawe 31. Na 31 nayo ni tasa, kwa hiyo zamu ni ya hatua 31 kamili. Upande mwingine, Fermat wa karne ya 17 alituachia kanuni kwamba hatua p − 1 nazo zinarudisha kwenye 1. Basi 31 lazima iigawe p − 1. Tena p ni witiri, p − 1 ni shufwa. Kwa hiyo 62 inaigawa p − 1. Kila kigawo tasa cha namba yetu, kama kipo, ukikigawa kwa 62 kinabaki 1.

Chekecheo la pili. 2^32 ni mraba wa 2^16, na ukiigawa kwa p inabaki 2. Maana yake 2 ni baki ya mraba. Jambo hilo linawezekana tu kwa namba tasa ambazo ukizigawa kwa 8 zinabaki 1 au 7.

Unganisha hayo mawili. Kigawo lazima, ukikigawa kwa 248, kibaki 1 au 63. Wengine wote nje. Katika zile 4,800 zinabaki kama themanini hivi. Themanini mtu anaweza kuzigawa kwa mkono! Euler alizigawa, zote zikabaki na kitu. Mlango ukafungwa.

Ya kwanza kabisa katika orodha hiyo ni 311. Tuliigawa ubaoni na wanafunzi, chaki nzima ikaisha: inaingia mara 6,905,092, baki 35. Nilipoandika ile 35 darasa lilipiga makofi. Miaka yangu ya kufundisha sijawahi kuona watoto wakipigia makofi baki.

Kijana wa Ibanda (Bukavu)

Mwalimu nimekuelewa, yaani nimefurahi sana. Basi kanuni ni nyepesi: chukua tasa yoyote, iweke kuwa kipeo cha 2, toa 1, unapata tasa nyingine. 3 inatoa 7, 5 inatoa 31, 7 inatoa 127. Tunaweza kutengeneza tasa kubwa tunavyotaka.

Mwalimu wa Katuba

Hapana mdogo wangu, na usione haya, wakubwa wengi waliteleza palepale. Jaribu 11. 2^11 − 1 ni 2,047, na 2,047 ni 23 × 89. Kipeo kisipokuwa tasa, namba hakika si tasa. Kipeo kikiwa tasa, bado hujui, ni lazima uhakikishe.

Namba za aina hii zinaitwa za Mersenne, kwa jina la Marin Mersenne, mtawa wa Ufaransa. Mwaka 1644 alitoa orodha ya vipeo: 2, 3, 5, 7, 13, 17, 19, 31, 67, 127 na 257. Kwa 31 alipatia. Kwa 67 na 257 alikosea, na akaziruka 61, 89 na 107. Kosa la 67 lilikaa muda mrefu. Mwaka 1903 Mmarekani Frank Nelson Cole alionyesha kwamba 2^67 − 1 ni 193,707,721 × 761,838,257,287. Zidisha mwenyewe ukiwa na jioni tulivu.

Kuna njia fupi ya kupima namba za Mersenne, iliyoanzishwa na Édouard Lucas karne ya 19 na kunyooshwa na Lehmer karne ya 20. Anza na 4. Zidisha kwa yenyewe, toa 2, chukua baki baada ya kugawa kwa namba unayoipima. Rudia. Kwa kipeo 7, yaani 127, safu ni 4, 14, 67, 42, 111, 0. Idadi ya hatua ni kipeo ukitoa 2, na ukiangukia sifuri hapo, ni tasa. Kwa namba yetu ni hatua 29 tu. Wale wenye programu wanaweza kuiandika kwa mistari michache, ila watumie nafasi ya biti 64, maana miraba ya katikati itafurika palepale tulipofurika sisi kwenye depo.

Mzee wa Kamalondo (Lubumbashi)

Watoto wangu, mimi si mtu wa hesabu, nilikuwa karani. Ila mnapotaja bilioni mbili kana kwamba ni mlima, nakumbuka zaire. Tulikuwa na noti ya zaire milioni tano, noti moja. Mwaka 1993 wakatupa zaire mpya, moja kwa zaire za zamani milioni tatu. Mwaka 1998 ikaja faranga, moja kwa zaire mpya laki moja. Nilikuwa naandika sifuri mpaka mkono unauma. Mwalimu, hebu tupigie: faranga moja ya leo ni zaire ngapi za kale?

Mwalimu wa Katuba

Shikamoo mzee. Milioni tatu mara laki moja ni 300,000,000,000. Bilioni 300 za zaire ya kale kwa faranga moja.

Sasa tazama. Chukua kikomo cha kompyuta, 2,147,483,647, ukiweke kama zaire za kale, kisha ubadilishe kuwa faranga. Haifiki hata santimu moja. Ni kama sehemu saba za kumi za santimu. Mkono wako wa karani, mzee, ulivuka kikomo cha biti 32 kabla ya depo zetu kununua kompyuta.

Namshukuru mzee kwa sababu ameligusa jambo ninaloliamini. Kwetu namba kubwa si habari ya wataalamu wa mbali. Pesa yetu ina tarakimu nyingi, kwa hiyo tunagonga vikomo hivi mapema. Programu iliyoandikwa na mtu anayefikiria dola itakaa miaka bila shida. Iweke kwenye faranga, tena kwenye santimu za faranga, mwezi mmoja mzuri wa mauzo unatosha.

Mama Soko la Kenya

Mimi nimefuata mpaka hapa. Ila nisaidie, mwalimu: hiyo kuwa tasa ndiyo iliyoleta ile hasi?

Mwalimu wa Katuba

Hapana mama, na umeuliza swali zuri kuliko yote. Hasi ililetwa na nafasi kujaa. Kikomo kingekuwa namba yenye vigawo tele, depo ingepata hasi vilevile. Kikomo cha biti 16 ambacho fundi wa Goma amekitaja, 32,767, si tasa, ni 7 × 31 × 151, na roketi ililipuka nacho. Hata nafasi mpya ya biti 64 tuliyoweka kwenye depo, kikomo chake ni 9,223,372,036,854,775,807, yaani 2^63 − 1. Kwa kuwa 63 ni 7 × 9, namba hiyo inagawanyika kwa 127 na kwa 7. Si tasa, na depo itakaa nayo salama. Ukihesabu nayo sekunde, itajaa baada ya miaka kama bilioni 292.

Kwamba kikomo cha biti 32 kiliangukia kwenye tasa, hilo ni bahati ya 31.

Lakini utasa wake una kazi yake mahali pengine. Watu wakitaka kompyuta ibahatishe namba, kwa mfano kuchagua majina kwa kura, njia moja maarufu ni hii: chukua namba, izidishe kwa 16,807, gawa kwa 2,147,483,647, chukua baki, endelea. Ukianza na 1 unapata 16,807, kisha 282,475,249, kisha 1,622,650,073. Park na Miller waliipendekeza mwaka 1988. Kwa kuwa 2,147,483,647 ni tasa, na 16,807, ambayo ni 7 kipeo cha 5, imechaguliwa vizuri, safu hiyo inapita kwenye kila namba kuanzia 1 mpaka 2,147,483,646 kabla ya kurudia hata moja. Hakuna inayorukwa. Weka namba isiyo tasa mahali pake, mpango huo unavunjika.

Na jirani yake wa chini, 2,147,483,646, ni mtu wa tabia nyingine kabisa: 2 × 3 × 3 × 7 × 11 × 31 × 151 × 331. Yule hagawanyiki kwa yeyote, huyu anagawana na kila mtu, na wanapakana ukuta. Mimi nikilitazama hilo huwa nakaa kimya.

Mdau wa Mwanza

Mwalimu, nilisoma zamani kuhusu namba kamilifu. Hii ina uhusiano?

Mwalimu wa Katuba

Ina uhusiano wa damu. Namba kamilifu ni ile ambayo vigawo vyake, bila yenyewe, vikijumlishwa vinairudisha. 6 ni 1 + 2 + 3. 28 ni 1 + 2 + 4 + 7 + 14. Euclid alionyesha zamani sana kwamba kila ukipata tasa ya Mersenne, unapata namba kamilifu. Ya kwetu inatoa 2^30 × (2^31 − 1), ambayo ni 2,305,843,008,139,952,128. Ni ya nane, ukianza kuhesabu na 6.

Mwaka 1811 Mwingereza Peter Barlow aliandika kwamba huenda hiyo ndiyo kubwa kuliko zote zitakazopatikana, kwa sababu haoni nani atajisumbua kutafuta zaidi. Lucas alivuka mwaka 1876 kwa 2^127 − 1, yenye tarakimu 39, kwa mkono. Na Oktoba 2024 Luke Durant alipata 2^136,279,841 − 1, yenye tarakimu 41,024,320. Ni ya 52 kati ya zinazojulikana. Kwa kuiandika kwenye kayee ya wanafunzi, mstari wa tarakimu 40, kurasa za mistari 25, ungehitaji kurasa zaidi ya elfu 41.

Barlow alikuwa mtu msomi. Alikosea kuhusu watu, si kuhusu namba.

Fundi wa Birere

Nimeijaribu ile ya hatua 29 hapa kazini kwa biti 64. Imeangukia sifuri. Nimeijaribu na kipeo 11, hatua tisa, haikufika sifuri. Nitaibandika ukutani.

Na niongeze kwa wenye depo wanaosoma: mwulizeni fundi wenu jumla zinatunzwa kwenye nafasi ya biti ngapi, na kama anatunza kwa santimu. Ni maswali mawili tu. Akishindwa kujibu, weka kwenye mashine ya majaribio mauzo ya milioni 22 uone kioo kinasema nini.

Mwalimu wa Katuba

Naunga mkono. Na ukiona jumla inaishia na santimu 96 mahali ambapo hakuna santimu, usimwite mtu mwizi. Kaa chini, ongeza 42,949,672.96, tazama inafika wapi.

Sasa kazi kwa vijana. Orodha ya Euler inaanza na 311, tumeimaliza. Zinazofuata ni 1,303 na 1,489. Nani atagawa? Kwa mkono tafadhali, simu iwekwe mezani kifudifudi.

Kijana wa Ibanda

Mimi mwalimu, baada ya kuteleza na 11 lazima nijisahihishe. Umeme umekatika, nimetumia mshumaa.

1,303 inaingia mara 1,648,107, baki 226.

1,489 inaingia mara 1,442,232, baki 199.

Halafu nimeona jambo. Nikiendelea kuongeza 248 kwenye 63, nakutana na 2,047. Ile ile ya 23 × 89! Nimeiruka kwa sababu si tasa. Ni sawa kuiruka?

Mwalimu wa Katuba

Zote mbili sahihi, nimezihakiki. Na ndiyo, unairuka. Kama 2,047 ingeigawa, 23 nayo ingeigawa, na 23 ilishakataliwa mlangoni na chekecheo la kwanza. Sikuwa nimeona kwamba 2,047 imejificha kwenye safu hiyo. Aksanti sana, kesho nawapelekea darasani kwa jina lako la Bukavu.

Inayofuata ni 2,543.

Kijana wa Ibanda

844,468, baki 1,523.

Naendelea na 2,729.